Dakika Kumi za Utani

Mzee Jamali ana kichwa kama bibo lililokwisha chumwa korosho yake. Nilimwambia hivyo mbele ya shehe, mbele ya diwani, na mbele ya wakwe zake waliokuja kuposa, yote siku moja, na alicheka mpaka akajishika mbavu. Asingecheka ningemshtaki kwa wazee, maana mimi ni mtani wake na kwetu mtu akitukanwa na mtani wake, kucheka ni wajibu.

Mtani haamkiwi shikamoo. Jamali ana miaka sabini na minne, mimi nina sitini na mmoja, na tangu nijue kusema sijamwamkia hata mara moja. Nikikutana naye namwuliza, "Wewe bado unapumua? Sanda yako niliishona zamani, sasa inapitwa na mtindo." Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu sokoni Nachingwea karibu na wauza dagaa, kwa hiyo maneno ya sanda yananitoka bila kufikiri. Yeye hunijibu kwamba mshono wangu ataukataa hata akiwa maiti. Wapita njia wanacheka, mimi naendelea kukanyaga cherehani, yeye anaendelea na safari yake. Ndivyo tulivyoishi.

Mkewe alipofariki nilikwenda kwake Likunja na kumfanyia yote anayostahili kufanyiwa. Niliingia nyumba ya msiba kinyumenyume, matako mbele, kama ukoo wetu unavyoingia siku zote kwenye misiba ya ukoo wao. Jeneza lilipotaka kutoka nikalala kizingitini. Nikasema halipiti mpaka niletewe jogoo. Wakaleta jogoo, nikamkataa kwamba amekonda kuliko mfiwa. Wakaleta wa pili. Jamali alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, machozi yakashindwa kujua ni ya kipi, na mpaka leo ananiambia bila mimi siku ile angeanguka.

Vijana wanaturekodi kwa simu. Wanadhani ni vituko vya wazee wasio na kazi. Ukiwauliza kwa nini mimi, Mwanabibi, naingia kinyumenyume, wanasema ndiyo mila. Ukiwauliza mila ya nini, wanakuangalia kama umewaomba vocha.

Nitasema ni ya nini, na nitasema mara moja, kwa sababu watu wa kamati nitakayoifikia mbele wamekisema kisa hiki mara nyingi na kila mara kinazidi kunenepa.

Kule Mandawa kuna kilima cha mawe, na chini ya jiwe kubwa kuliko yote kuna pango. Enzi za misafara ya watumwa kutoka Nyasa kwenda Kilwa, watu wanane walikata kamba usiku wakatoroka. Mmoja alikuwa msichana ambaye jina lake la kwao hakuna alijuaye. Huku aliitwa Bi Mgeni mpaka akazikwa. Ni mama wa bibi wa mama yangu. Walitembea kinyumenyume mpaka mlangoni, wakalala kifudifudi wakajiingiza pangoni, miguu kwanza, wakiburuta mikono, ili nyayo zao mchangani zionekane za watu waliotoka wakaenda zao. Mbele ya mlango kulikuwa na kichaka cha miiba, na mdomo wa jiwe ulikuwa chini sana, mtu mzima anapita kwa tumbo. Wakakaa humo.

Jumbe wa pale chini aliitwa Nanguka. Aliwaona, akawaonea huruma, au ndivyo walivyodhani. Siku nne aliwapelekea maji na mihogo. Siku ya tano aliwapelekea wenye msafara. Watano waligeuka watambae ndani zaidi, wakavutwa nje kwa miguu wakarudishwa kwenye kongwa. Watatu walikuwa wamejibana ndani zaidi, mmoja wao Bi Mgeni, na hawakuonekana. Nanguka alipewa gobori na doti tatu za kaniki. Huyo Nanguka ni mjomba wa bibi yake Jamali, mzaa mama, na kwetu ukoo unafuata mama, kwa hiyo hakuna pa kujificha.

Bi Mgeni hakwenda mbali. Aliolewa hapo hapo, akazaa, akanyamaza. Miaka ikapita, Nanguka akafa. Siku ya kumzika, kaburi limekwisha chimbwa, Bi Mgeni alikuja katikati ya waombolezaji, akaligeuzia kaburi mgongo, akashuka ndani kinyumenyume, akalala. Akasema, "Nitoeni. Mnajua kutoa watu." Hakuna aliyethubutu kumgusa. Jua likapanda, maiti ikasubiri. Mwisho wazee wa pande zote mbili wakakaa wakakubaliana: damu haitadaiwa, ila watoto wa Bi Mgeni watawatukana watoto wa Nanguka maisha yote, kwenye raha na kwenye misiba, na watoto wa Nanguka watacheka. Ndipo akatoka. Utani wetu ulianzia humo kaburini. Sasa hivi sisi ni Waislamu na mwanamke haendi makaburini, kwa hiyo mimi nalala mlangoni, nao hufanya vivyo hivyo kwenye misiba yetu, lakini ni jambo lile lile.

Hicho ndicho kisa. Sasa tuje kwenye kamati.

Kamati ya Kuhifadhi Pango ilizaliwa mwaka juzi, wafadhili waliposikia kwamba tuna pango. Wajumbe kumi na mmoja, tisa kati yao hawajawahi kuliona. Jamali akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ni bwana shamba mstaafu, ana koti, na anajua kusema "kwa muktadha huo." Mtu akisema kwa muktadha huo kwenye kikao cha kijiji, mmemaliza, mchagueni tu mwende nyumbani mkale.

Kazi ya kwanza ya kuhifadhi ilikuwa kubomoa. Walikifyeka kichaka cha miiba kwa sababu, nanukuu muhtasari wa kikao, kilikuwa kinaficha pango. Kilifanya kazi hiyo miaka mia na hamsini bila posho, na hayo ndiyo yakawa makosa yake. Kisha wakauangalia mdomo wa jiwe wakaona upo chini mno. Mgeni rasmi hawezi kuingia kwa tumbo, suti itachafuka. Basi wakaleta nyundo na patasi, siku tatu wakaupasua, mpaka mtu akaweza kuingia wima, mikono mfukoni, akitafuna jojo. Wakajenga ngazi za saruji. Mawe ya kando wakayapaka chokaa. Wakaweka geti la chuma na kufuli, na ufunguo akakaa nao mwenyekiti. Mahali ambapo watu walijiokoa kwa sababu hapakuonekana pamekuwa panaonekana kutoka barabarani. Wakajenga na choo. Choo ni kizuri, sina neno juu ya choo.

Mradi ulikuwa na binti kutoka Dar, Winfrida, msomi, anatembea na kishikwambi kifuani muda wote kama mtu aliyebeba mtoto. Kazi yake ilikuwa kukusanya historia na kuandika maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la uzinduzi. Si binti mbaya. Ananisalimia vizuri, anakula ugali wa muhogo bila kukunja uso. Ubaya wake ni mmoja, anamwamini mwenye koti.

Aliitisha mkutano wa kukusanya historia darasani, shule ya msingi. Wazee tulibanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakagusa videvu. Jamali akasimama akasimulia jinsi Jumbe Nanguka alivyowapokea wakimbizi, akawapa maji, akawapa mihogo, siku nne. Akaishia siku ya nne. Akakaa.

Nikasimama mimi. Nikasema, "Na siku ya tano je, we mwizi, mtoto wa wezi? Waambie Nanguka aliuza watu watano kwa gobori lisilolia! Ukoo mzima mnatembea na harufu ya baruti, ndiyo maana nzi hawawasogelei!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Watu waligonga madawati. Jamali alicheka kuliko wote, akanyoosha mkono akasema, "Mnamwona mtani wangu? Mnamwona?" Winfrida naye akacheka, akaandika.

Nikasema tena, taratibu, "Winfrida mwanangu, hili ni kweli." Wakacheka zaidi. Mtani akisema ni kweli ndipo inapochekesha. Nilikaa kwenye dawati langu na uso umeniwaka, si kwa haya, kwa hasira. Miaka sitini nimeusema ukweli huu sokoni, harusini, misibani, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, na hakuna sikio hata moja lililoupokea kama ukweli. Wazee wale wa zamani walitupa ruhusa ya kusema kila kitu. Siku ile dawatini ndipo nilipoona bei yake.

Taarifa ya Winfrida ilipotoka, mpwa wangu alinisomea kwenye simu. Iliandikwa kwamba jamii ina utamaduni hai wa vichekesho vya asili, na kwamba Bi Mwanabibi alitoa burudani ya kuvutia. Burudani. Watu watano wanavutwa kwa miguu kutoka kwenye shimo, na mimi nimekuwa burudani ya kuvutia.

Kisha, kwa kuwa mimi ndiye fundi wanayemjua, wakanipa kazi ya kushona pazia la kufunikia jiwe. Satini ya bluu, yenye pindo la njano, kwa kuwa wafadhili wanazipenda rangi hizo. Nikapanda gari la asubuhi kwenda Ruangwa kulipima jiwe kwa fundi wa kuchonga, kijana mmoja anaitwa Ismaily. Nilikuta ameshamaliza, analipuliza vumbi. Nikatoa tepu yangu, nikapima urefu, nikapima upana, halafu nikasoma.

Iliandikwa: HAPA JUMBE NANGUKA ALIWAHIFADHI NA KUWALISHA WATU WANANE WALIOTOROKA UTUMWANI. WOTE WALISALIMIKA. WEMA WAKE HAUTASAHAULIKA.

"Umekosea," nilimwambia Ismaily.

"Wapi, mama? Nimehakiki herufi moja moja."

"Hapo pa wote."

Akaangalia karatasi aliyopewa. "Ndivyo walivyoandika. Mwenyekiti kasaini."

Wote walisalimika. Hebu fikiria. Watu watano wamekaa utumwani miaka mia na hamsini, hakuna aliyekwenda kuwakomboa, na kijana wa Ruangwa kawakomboa kwa patasi kabla ya chai ya saa nne. Na kwa kuwa wamekombolewa, hakuna tena wa kuwatafuta. Jiwe likishasimama, watoto wa shule wataletwa kwa mistari, watanakili kwenye madaftari, watapewa mtihani, na atakayeandika watano atakosa.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Likunja kwa Jamali. Nilimkuta barazani anaanika ufuta kwenye turubai.

"Mchawi wewe," nilianza, "umeshindwa kuloga walio hai sasa unaloga mawe?"

Akacheka. "Karibu mtani. Umelipima jiwe langu? Pazia lisiwe fupi, usije ukanishonea kama zile suruali zako."

"Nimelisoma."

Kicheko kikapungua, hakikuisha. Akageuza ufuta kwa kiganja, akaugeuza tena. "Mtani," akasema, "wajukuu zangu watasoma pale. Wako tisa. Wewe kwenu mna mama aliyetoroka, mnajidai naye. Mimi nina nani? Unataka niwachongee kwenye jiwe kwamba damu yao ni ya muuza watu?"

"Si ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo. Nani alikataa? Nimekataa lini? Umenitukana miaka yote hiyo nimecheka. Nimelipa." Akaingia ndani, akatoka na karatasi. "Na sijakunyima kusema. Tazama. Nimekuweka kwenye ratiba."

Ilikuwa ratiba ya uzinduzi, imepigwa chapa. Saa tano kamili, ngoma. Saa tano na dakika kumi mpaka saa tano na ishirini: *Utani wa asili, Bi Mwanabibi.* Saa tano na ishirini, mgeni rasmi kufunua jiwe.

"Dakika kumi," alisema. "Sema yote. Sema gobori, sema kaniki, sema nzi. Kipaza sauti nitakupa kwa mkono wangu."

Nilimtazama mzee yule na nikamdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu, na safari hii si kwa mdomo. Alikuwa ananipa kipaza sauti kwa kuwa anajua hakuna atakayesikia. Ningesema yote, watu wangecheka, pazia langu la bluu lingevutwa, na ukweli ungekuwa ule uliochongwa. Nilikunja tepu yangu nikaondoka. Sikumtukana wakati wa kuaga, na nilipokuwa njiani nikahisi kwamba amelitambua hilo.

Mama yangu mkubwa, Saada, anaishi Mtua. Ana miaka tisini na kitu, hicho kitu hakijui yeye wala serikali. Kiswahili alikipata ukubwani sokoni, akikasirika anakiacha. Kisa cha Bi Mgeni alikisikia kwa bibi yake, ambaye ndiye mtoto wa Bi Mgeni mwenyewe. Nilimkuta jikoni anamenya njugu. Nikamweleza la jiwe, kisha nikamweleza nilichokusudia: siku ya uzinduzi nitamwamkia Jamali shikamoo.

Akaacha kumenya.

"Mwamkie nani?"

"Jamali."

Akasema maneno ya Kimwera ambayo sitayaandika. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Ukimwamkia, utani umekwisha. Si wako na yeye. Wote. Wao na sisi. Unajua?"

"Najua."

"Hujui. Mimi nakufa kesho kutwa. Nikifa, nani wa kwao atanilalia mlangoni? Nani atadai jogoo? Nitoke humu kimyakimya kama mzigo wa mkaa? Mie nataka watu wacheke. Nimewachekea wengi."

Niliona kweli jeneza lake linatoka nyumba ile, watu wameinamisha vichwa, na mlango uko wazi hauna mtu. Nililia, sifichi. Yeye akaendelea kumenya, njugu moja, mbili, maganda yanadondoka kwenye kanga yake.

"Walikuwa watano," alisema baadaye.

"Watano."

"Bibi alilikumbuka jina moja tu. Kalembo. Alikuwa anakoroma. Walilala wakimziba mdomo kwa zamu." Akapuliza maganda. "Na yeye nani alimlalia mlangoni?"

Aliniomba nimpe maji, nikampa, akanywa, nikarudi zangu Nachingwea kushona pazia. Nililishona vizuri. Kazi ni kazi, na sikutaka mtu aseme baadaye kwamba nilikuwa na chuki hata na satini.

Siku ilipofika mabibo yalikuwa yameanza kuanguka, na harufu yake ilijaa mpaka chini ya maturubai. Viti vya plastiki vilipangwa, vya mbele vikavishwa vitambaa. Mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu, akapigiwa makofi kwa kufika. Alipelekwa pangoni, akaingia wima, akatoka wima, akasema pana hewa nzuri. Ngoma ikapigwa. Kisha mshereheshaji akatangaza kwa madoido, "Na sasa, mabibi na mabwana, jiandaeni kuvunjika mbavu!"

Simu zikanyanyuliwa. Watu walishaanza kucheka kabla sijaonekana. Walikuwa wananisubiri nitokee kinyumenyume, na watoto walikuwa wamegeuka wananiigiza, wanagongana kwa migongo.

Nilitokea mbele mbele. Nilivaa baibui langu la Idi na viatu. Nilitembea kati ya viti kama mtu asiye wa pale, na vicheko vilinifuata hatua chache, vikasitasita. Jamali alikuwa amesimama kando ya jiwe, kipaza sauti mkononi, uso umeshajikunja tayari kwa kicheko. Akaninyooshea. Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikapiga goti kama binti anavyompigia mkwe.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Watatu wanne walicheka. Kisha nao wakanyamaza, na spika zikabaki zinavuma peke yake.

Wanawake wazee ndio waliotangulia kuelewa. Mmoja wa dada zake Jamali alisimama, akaweka mkono mdomoni. Mwingine akaanza kukunja mkeka wake kana kwamba msiba umekwisha. Winfrida alimwuliza jirani yake kuna nini.

"Mtani," alisema Jamali. Bado alikuwa anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limekosa mwenyewe. "Mtani, usinifanyie hivyo."

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Akiitikia, amekubali kwamba mimi ni mtoto wa watu na yeye ni mzee wa watu, na kati yetu hakuna makubaliano. Asipoitikia, kamnyima salamu mwanamke aliyepiga goti mbele ya halaiki. Nilibaki chini. Magoti yangu si ya kukaa chini muda mrefu, na changarawe iliyomwagwa na kamati ni kali.

"Naomba kukuuliza, baba," nikasema. "Sitanii. Waliingia wangapi mle ndani?"

Aliliangalia pazia la bluu. Aliwaangalia wajukuu zake, waliokaa mstari wa pili na fulana zenye picha ya pango.

"Wanane," akasema.

"Siku ya tano walitolewa wangapi?"

Mgeni rasmi aliangalia saa yake. Mshereheshaji akanisogelea achukue kipaza sauti, na yule dada yake Jamali akamshika mkono akamrudisha.

"Watano," alisema Jamali.

"Nani aliwaonyesha wenye msafara?"

"Mjomba wa bibi yangu. Nanguka."

"Alipewa nini?"

"Gobori." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini nilikuwa nimekiinua kipaza sauti mpaka kidevuni kwake, na kila mtu alimsikia mpaka waliokuwa kwenye choo kipya. "Gobori, na doti tatu za kaniki. Moja alizikwa nayo."

Hilo la kuzikwa nayo mimi sikuwa nalijua. Miaka yote ile nilimtukana bila kulijua, kwa kuwa sikuwahi kumwuliza kitu ambacho angepaswa kujibu.

"Mmoja aliitwa Kalembo," nikasema. "Alikuwa anakoroma."

Hakuna aliyecheka. Winfrida alikuwa anaandika, machozi yanamtoka anayafuta kwa mgongo wa mkono, anaandika tena. Mgeni rasmi hakulifunua jiwe, na hakuna aliyemwambia alifunue. Upepo ulilinyanyua pindo la njano kidogo, likarudi.

"Marahaba," alisema Jamali, amechelewa.

Nikainuka. Akanisogelea karibu, akaniinamia, na alikuwa amesahau kwamba kipaza sauti bado kiko mkononi mwangu.

"Haya, nimesema. Sasa nitukane," alinong'ona, na maturubai yote yakasikia. "Nitukane, mtani. Moja tu. Mbele ya wajukuu zangu."

Na alistahili. Alikuwa amesema bila koti na bila muktadha, na nilitaka kumlipa. Nilifungua kinywa. Nikatafuta lile la bibo, nikaliona ni kichwa cha mzee chenye mvi na jasho. Nikatafuta la sanda, nikaogopa kulitamka, kwa kuwa anaweza kufa kweli. Nikatafuta la nzi, la suruali, la uchawi, yote niliyorithi na yote niliyobuni mwenyewe sokoni kwa miaka sitini, na hapakuwa na hata moja lililobaki.

Nikamshika mkono, taratibu, kama unavyomshika mzee usiyemjua anayevuka barabara, nikamrudisha kwenye kiti chake.

"Kaa, baba," nikamwambia.